Kibali cha Kwenda Namibia

Kuna Jumatatu moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Nimekusikia wewe na wenzako mkipanga safari hapo mezani, gari la kukodi, nchi za watu, na moyo ukanishtuka. Hebu nisikilize kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, tukiishi Riruta. Dada yangu, aliyeolewa Namibia, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na Mama alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Tukapanga twende kwa ndege, tukifika tukodi gari, niendeshe siku mbili hadi kwao mashambani. Tiketi tukanunua. Mama akatangazia kanisa zima. Kilichobaki ni kibali cha kimataifa cha kuendesha gari, kijitabu tu, nikashuka tauni, ofisi ya leseni, kukichukua.

Mama wa kaunta akaandika nambari ya leseni yangu kwenye kompyuta. Akaiandika tena. Akaniangalia juu ya miwani.

"Hii nambari ni ya mwanamume wa Muthangari. Wewe ulifanyia mtihani wapi?"

Haiya! Mtihani sikuwa nimefanya. Mwalimu wangu wa udereva aliniambia foleni ni ndefu, wacha nikutengenezee, na darasa letu lote tulitengenezewa. Lakini ati leseni yenyewe ni bandia? Hilo sikulijua, naapa! Na nilikuwa nimeendesha miaka saba!

"Na huwa unabeba nani ukiendesha?"

"Mama yangu, kila Jumapili. Na watoto wa majirani."

Akaifunika leseni kwa kiganja. "Hii haitoki hapa. Nenda ukamwambie mama yako leo, kabla hujamwambia mtu mwingine."

Nilimkuta Mama akikunja nguo za mtoto. Aliponisikia aliketi sakafuni, pu!

"Nilikuwa nakaa hapo mbele na wewe," akasema, "nikimwomba Mungu atuepushe na madereva wabaya."

Alienda peke yake. Shemeji aliendesha siku mbili kuja kumchukua uwanja wa ndege. Mimi nikabaki nikijiambia mtihani ni kitu gani kwa mtu wa miaka saba barabarani. Nikaufanya, nikaanguka. Nikarudia, nikaanguka tena, maana sikuwa naangalia nyuma kabla ya kuhama leni barabarani. Mwanangu! Tungekufa mara ngapi?

Kwa hivyo usikubali kutengenezewa karatasi inayobeba roho za watu. Fanya mtihani wako mwenyewe, uanguke wewe mwenyewe, upite wewe mwenyewe. Na kama ulitengenezewa, sema kabla tiketi hazijanunuliwa, hata kama utaaibika.

Mbona umeinamisha kichwa? Ngai! Hata wewe?

Basi lete hapa ufunguo wa gari unaloendesha, na usilie. Mungu akupe ujasiri wa kuwaambia wenzako leo, na siku utakayoshika usukani kwa haki, akufikishe salama na akurudishe kwangu.