Siku Tisa Ambazo Sikulisoma Ziwa

Niliandika habari za ziwa bila kuliona, siku tisa mfululizo. Naanza na hilo kabla sijajizungusha, maana nimeshajaribu kuiandika habari hii mara mbili na mara zote niliishia kueleza hali ya hewa.

Baba yangu ni msoma kipimo. Pale Bangwe, ufukweni mwa Kigoma, kwenye mawe, kuna ubao mrefu wa chuma wenye namba, umesimamishwa majini. Kila siku asubuhi na jioni baba hushuka, huangalia maji yamegusa namba gani, na kuandika kwenye daftari la ofisi ya maji. Kazi ndiyo hiyo tu. Mtaani wanamwita daktari wa ziwa, na yeye hucheka nao. Lakini hajawahi kukosa. Hata siku tuliyomzika bibi alitoka msibani, akaenda, akarudi.

Mwezi wa nne homa ya matumbo ilimlaza. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi, na alikuwa ameshanifundisha: wimbi likija soma juu, likirudi soma chini, andika katikati. Akanipa daftari. "Nenda mama, uniokoe," alisema.

Shida ni kwamba asubuhi, karibu na ule ubao, wavuvi waliotoka kuvua usiku huwa wanaoga. Kuna utaratibu wake. Anayetaka kushuka husimama nyuma ya jiwe kubwa na kupaza sauti, "Napita!" Anasubiri mpaka ajibiwe, "Pita, tumejisitiri." Baba anapiga kelele mpaka Ujiji wanasikia. Mimi darasani nikiulizwa swali hata ninalolijua, mwalimu hulazimika kusogea ndipo anisikie. Nilisimama nyuma ya jiwe nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mmoja wao akaniona.

"Nani huyo anatuchungulia?"

"Ni binti wa daktari wa ziwa," mwingine akajibu. "Mwacheni, amekuja kupima."

"Apime ziwa, asitupime sisi."

Walicheka wote. Sidhani walikuwa na ubaya. Nilirudi mbio, nikakaa nyuma ya duka la jirani, nikachukua namba ya mwisho ya baba na kuongeza sentimita moja. Jioni nikaandika ileile. Kesho yake nikaongeza nyingine moja. Jioni hakuna wanaooga, ningeweza kwenda, lakini nilishaogopa: je, nikikuta namba haifanani na niliyoiandika asubuhi? Siku ya nne ilinyesha mvua kubwa, maji yakaingia jikoni kwetu, mama akawa anayachota kwa sufuria. Hata siku hiyo niliongeza sentimita moja.

Baba alipopata nafuu alifungua daftari. "Mwandiko mzuri," akasema, akasaini siku zote tisa.

Mwezi wa sita ikaja semina. Watumishi wa nchi nne zinazozunguka ziwa walikusanyika kwenye ukumbi mjini kujifunza kupima na kuandika kwa namna moja, na kupeana taarifa, maana ziwa moja haliwezi kuwa na ukweli wa aina nne. Kwa upande wetu angechaguliwa msomaji mmoja wa kuwafundisha wapya katika vijiji vya mwambao. Baba aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Aliishia darasa la saba. Wiki nzima alifanya mazoezi jikoni, mwiko ndio ubao wa kipimo, mama ndiye mwanafunzi. Siku ya pili ya semina alinichukua nimsaidie kubeba madaftari ya nyuma. Yalikuwa matatu tu, hayana uzito. Nadhani alitaka nimwone.

Mwezeshaji alikuwa mama mmoja wa Burundi. Aliweka ukutani mchoro wa kimo cha maji wenye mistari minne, mmoja kwa kila nchi.

"Tunaiweka pamoja kwa sababu maji ni yaleyale," alisema. "Yakipanda Bujumbura, hayawezi kukaa kitako Kigoma."

Mistari ilikwenda pamoja vizuri mpaka mwezi wa nne. Hapo mitatu iliruka juu, na wa kwetu ukapanda taratibu kama ngazi zilizopimwa kwa rula.

"Nani anasoma hapa?"

Baba alisimama. Alivaa miwani, akafungua daftari. Nilikuwa nyuma kabisa, lakini niliona mabega yake yalivyoshuka alipouona mwandiko wangu. Hakugeuka kunitazama.

"Sahihi ni yangu, mama," alisema. "Ni mimi."

Bwana mmoja wa Kongo akatania, "Mzee, ulisomea kitandani?"

Ukumbi ulicheka. Baba naye akacheka. "Karibu na hapo," alisema, akakaa. Na mimi nilikaa kimya. Nilikuwa na mdomo, na nilikaa kimya.

Jioni tulirudi pamoja kwa miguu. Karibu na nyumbani nikamwambia yote.

"Ulishuka hata siku moja?"

"Ya kwanza. Sikufika."

"Ungeniambia."

"Niliona aibu, baba. Walikuwa wanaoga."

"Sasa aibu hiyo nimeivaa mimi," alisema. Kisha akaongeza, "Mama yako usimwambie."

Kesho yake asubuhi nilimsubiri mwezeshaji mlangoni mwa ukumbi, baba akiwa pembeni yangu, nikamweleza kwa sauti ya chini mpaka akainama kunisikia. Hakunigombeza. Alipiga mstari mwekundu juu ya siku tisa, akaandika "haikusomwa", akatuambia tusaini wote wawili.

"Pengo si tatizo," aliniambia. "Namba ya uongo ndiyo tatizo. Kwetu kuna watu wa ufukweni wanaamua kuhama au kubaki kwa kuangalia namba hizi. Mtu analaza watoto wake kwa kuliamini daftari lenu."

Akamgeukia baba. "Mzee, kusoma unasoma vizuri. Lakini ulisaini usichokiona. Mwalimu wa namna hiyo atawafundisha nini wenzake?"

Baba alisema, "Kweli, mama." Hakuniingiza mimi hata kwa neno moja.

Siku ya mwisho walisoma majina. Alichaguliwa kijana wa kijiji cha Mwamgongo, hana hata miaka mitatu kazini. Baba alipiga makofi, akaenda kumshika mkono, akamwambia asisahau habari ya wimbi kwenda na kurudi. Yule kijana alikuwa anaijua.

Jumatatu iliyofuata baba alikuwa anakohoa na nje kulikuwa na upepo. Nilivaa mapema, nikasimama sebuleni. "Baba, nipe niende mimi."

"Soma masomo yako, mama," alisema, kwa upole kabisa. Heri angenifokea.

Daftari sasa analiweka kwenye sanduku lake, analifunga kwa kufuli, na ufunguo anatembea nao. Juzi mama alimuuliza tangu lini karatasi za ofisi zinafungiwa kama dhahabu. Nilikuwa palepale nachambua mchele, sikuinua kichwa.

"Panya," baba alimjibu. "Siku hizi kuna panya."