Mioyo Yenye Masikio Yake

Mwenye bucha wangu wa Tunduma alikuwa na mkono mwepesi. Akishika moyo wa nguruwe anaupasua, anamwaga damu, halafu kwa ncha ya kisu anakata vile vinyama viwili vilivyolegea huku na huku juu ya moyo na kumtupia mbwa. Wateja wa kitimoto hawavipendi, alisema, vinatafunika kama mpira. Mimi nilikuwa nimetoka Hasamba na kupanda gari mbili kwa ajili ya hivyo vinyama, hasa kile cha kushoto, na nilifika mbwa akiwa anajilamba.

Kazi yangu ni kubuni vibanio vya moyo. Mtu ambaye moyo wake unapiga hovyo hovyo, leo haraka, kesho unaruka, damu yake haisukumwi vizuri. Sehemu nyingine hutuama ndani ya kile kinyama cha kushoto, ambacho ni kifuko kidogo, na damu iliyotuama huganda. Tonge la damu likitoka pale likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Daktari akishafungua kifua anaweza kukibana kifuko hicho kwa nje, pale kinapoungana na moyo, kikanyauka na kuisha. Kibanio chenyewe kinatosha kiganjani. Kikibana sana kinakata nyama, kikilegea kinateleza. Kati ya hayo mawili ndipo ninapolipwa mshahara, na nina hasira za karibu, kwa hiyo ni kazi inayonifundisha adabu.

Mwaka ule niliomba ofisi yetu ya Dar es Salaam iniruhusu kufanyia kazi nyumbani kwa mama. Nilibeba kompyuta na vibanio vya majaribio kwenye kopo la biskuti. Kilichobaki ilikuwa mioyo, kwa sababu moyo wa nguruwe unakaribiana sana na wetu. Baada ya safari ile ya bure nilimpigia simu mwenye bucha, nikamwambia taratibu, kama ninayemsomea imla: nataka mioyo sita, kila mmoja na masikio yake. Masikio ya moyo ndivyo tunavyoviita vile vifuko, kwa sababu ya umbo.

Alinipokea kwa furaha. "Mwaiseni, dada," akasema, Kibemba chake cha kukaribishia Wazambia, akanipa ndoo. Mioyo sita ilikuwa imekatwa safi kama kawaida. Chini yake kulikuwa na masikio kumi na mawili ya nguruwe.

"Nimeyanyoa mwenyewe," akasema. "Yalikuwa na manyoya hayo."

Sikuweza kugomba. Mama aliyachemsha kwa tangawizi tukala siku mbili, na mara ya tatu mwenye bucha akanielewa.

Basi nikawa nafanya majaribio juu ya meza ya jikoni, mama akipita na sufuria zake. Siku moja alisimama akauliza ninabana nini. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Sikio la moyo, mama. Tunalibana lisilete kiharusi." Akasema haya, akaenda zake kwenye chanja kugeuza kahawa.

Mama mwenyewe alikuwa na moyo wa kuruka. Ndiyo sababu nilirudi, ingawa nilimwambia nimechoka na foleni za Dar. Utotoni aliugua homa iliyomharibia valvu, na sasa madaktari walikuwa wamesema wazi: apasuliwe, valvu irekebishwe, na humo humo kile kifuko kibanwe. Akichelewa, wakati wowote tungemkuta ameanguka shambani, mdomo umepinda. Nilikuwa naliona hilo kila alipochelewa kurudi na kuni.

Alikubali. Halafu daktari alipomweleza atakachofanyiwa, akauliza, "Ni kile cha sikio?" Nikaitikia mimi, kwa fahari. Tangu siku ile akawa hataki. Kwanza alisema mpaka kahawa iishe. Kahawa ikaisha, akasema mpaka mahindi yapandwe. Mimi nikikasirika huwa natoa maelezo. Nilimchorea moyo nyuma ya kalenda ya kanisa, nikamchorea mishale, nikapandisha sauti mpaka kuku wakatoka jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, kwani alitaka kwenda kwaya.

Jumapili moja, tumetoka ibadani, tulikaa tunachambua maharage ya mbegu. Akasema bila kuniangalia, "Siku baba yako anatutoka kule hospitali, mimi nilikuwa hapa napalilia. Hakuna aliyeniambia. Nilitupa jembe nikaja nyumbani kubadili nguo. Unafikiri nilisikia kwa haya?" Akashika sikio lake, akaacha alama ya vumbi. Kisha akagusa kifua. "Nilisikia huku. Neno la Mungu nalo linaingia huku. Sasa wewe unataka kunibana."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona aibu, na aibu ikakaa. Miezi mitatu nilikuwa nagombana na mtu juu ya neno nililompa mwenyewe. Kwa Kinyiha chetu na kwa Kiswahili chetu, anayehisi tunasema amesikia: tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Mimi nikamwambia mama yangu tutamziba mahali pa kusikilia, nikashangaa anakwenda kwaya.

Nikaleta moyo mmoja kutoka kwenye ndoo, nikauosha, nikamwambia atie kidole kwenye kile kifuko kwa ndani. Akatia. Akazungusha kidole kama anayetafuta sarafu kwenye pindo la khanga.

"Hakuna mlango upande wa pili," akasema.

"Hakuna. Kinaishia hapo."

"Ni mfuko tu."

"Ni mfuko tu, mama."

"Sasa mtu amesoma mpaka amezeeka, anaita mfuko sikio?" Akatoa kidole akakifuta kwenye aproni yangu, siyo yake. Halafu akauliza kama atawekewa kibanio changu.

Hapo niliumia kidogo. Nilimwambia hapana, changu bado kinateleza, atawekewa cha watu wengine wa mbali waliotutangulia, tena kitapunguza hatari tu, hakitaifuta. Akafikiri. "Mtoto wa mtu," akasema, "naye alikaa hivi anamsumbua mama yake." Akaendelea kuchambua. Kesho yake aliniambia nipige simu nipange tarehe.

Tulikwenda Dar. Walimchukua asubuhi, wakamrudisha alasiri akiwa na mipira kila mahali. Muuguzi aliniruhusu kusimama mlangoni tu, kwa sharti nisitoe sauti. Nimebana mioyo mingi ya nguruwe bila wasiwasi, lakini pale nilishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Machozi yalitoka nikayaacha yatiririke, nikifunga mdomo kwa khanga ya mama. Yeye alikuwa amelala, macho yamefumba, uso umeelekea ukutani.

Sasa tuko Hasamba, na tuko vizuri. Anatembea mpaka kwenye chanja na kurudi, anawagombeza wachumaji, anameza dawa zake kwa uji. Mwenye bucha ananitunzia mioyo mizima, siku hizi anawaambia wateja ni oda ya daktari. Kibanio changu hakitelezi sana kama mwanzo. Juzi nilikuwa kwenye meza yangu ya jikoni, mama akimenya viazi upande wa pili, akasema tu, kama anayekumbuka kuniagiza chumvi:

"Siku ile pale mlangoni ulilia sana. Nilikusikia."

Nikamwambia hakuweza kunisikia, alikuwa amelala, na mimi sikutoa sauti hata kidogo.

"Ndiyo nakwambia," akasema, akachukua kiazi kingine.