Mirija Niliyoiosha

Sijaona mtu mchafu anayejidhania msafi kama mlevi anayejua pombe. Mlevi wa kawaida hunywa, huimba, hulala, basi. Lakini yule mjuzi, yule wa kuvuta funda moja, kufumba macho na kutoa hukumu, huyo ananichefua mpaka leo na uzee wangu huu.

Nilizaliwa Iringa, Mhehe, mtoto wa Walutheri, nikaolewa Mbeya kwa Wanyakyusa miaka ile ya hamsini. Nyumba ya wakwe ilikuwa upande wa Iyunga. Mume wangu alikuwa Chunya kwenye dhahabu, kwa hiyo nilibaki na mama yake, mpishi wa kimpumu, pombe ya ulezi. Wanawake wa mtaa ule walipika kwa zamu, lakini zamu yake ndiyo iliyongojwa. Watu walitoka mbali kuifuata. Mama yule hakuwa na shamba la maana wala ndugu mwenye cheo. Alikuwa na jina hilo tu, mpishi asiyekosea, na alilitunza kuliko nguo zake za Jumapili.

Kimpumu hakinywewi kwa kikombe. Chungu huwekwa katikati, maji ya moto humiminwa juu ya machicha, na kila mwanamume huchovya mrija wake mrefu wa tete, wenye kichujio kidogo cha kusukwa mwishoni, akavuta. Mirija hiyo ilining'inia jikoni kwetu, na haikuoshwa hata siku moja. Walisema ladha inakaa mle ndani. Mimi niliona kilichokaa: mate makavu, ugoro, ukungu wa kijani kwenye vichujio. Niliwaona wakikohoa mrija ukiwa bado mdomoni, na walichokohoa kikateremka chunguni. Siku ile ugali ulinishinda.

Niliyaona hayo kwa kuchungulia kwenye ukuta wa matete wa jikoni, maana sikuruhusiwa kuwa barazani. Kwa wakwe zangu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, na akimsikia njiani huingia porini ampishe. Wiki ya kwanza mama mkwe alinitajia vitu vya baba mkwe nisivyopaswa kugusa: kigoda chake, blanketi lake, sahani yake. Mrija hakuutaja. Nadhani hakuwaza kwamba kuna mtu angetaka kuushika.

Basi siku ya zamu ya mama mkwe, yeye akiwa mtoni na baba mkwe akiwa mjini, niliishusha mirija yote, wa baba mkwe ukiwamo, nikailoweka kwenye karai la maji ya sabuni ya mche. Maji yakageuka rangi ya tope. Nikaisuuza harakaharaka kwa maji ya ndoo moja na kuirudisha mahali pake. Nilijisifu moyoni. Nilijiona nimewaletea ustaarabu.

Alasiri wajuzi wakaketi. Walikuwa watatu: baba mkwe, rafiki yake askari mstaafu aliyepigana Burma, na dereva wa lori wa njia ya Iringa. Mama mkwe alionja kwanza kwa kata yake, kama ilivyo desturi, wageni waone kwamba pombe ni salama. Akaridhika, akarudi nyuma. Wanaume hawakuanza kunywa mara moja, walianza kusema.

"Ulanzi ni maji ya watoto," alisema askari. "Mwanzi unakatwa, unalia, watu wanakinga. Upishi uko wapi pale?"

"We mzee, ulanzi ukilala siku mbili hauulizi cheo chako," alijibu dereva. "Ila hii bia ya chupa nimeionja juzi Iringa. Chungu kama kwinini! Mzungu anakunywa dawa, anafikiri ni pombe."

Nilikasirika ulanzi wa kwetu kutukanwa, mimi nisiyeunywa. Kisha wakainama, wakavuta. Askari akatema pembeni. Dereva akatema. Baba mkwe akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Maji haya," askari alisema. "Ya bondeni pale. Yana magadi."

"Si maji. Kimea kimeingia moshi," alisema dereva.

Baba mkwe alifumba macho, akavuta tena, akatema tena. "Mkono wa mwanamke ukizeeka," akasema, "pombe inajua."

Katika vinywa vitatu vya wajuzi, hakuna kilichoitambua sabuni. Pengine hawakuwa wamezoea kukutana nayo. Ningecheka, lakini lawama ilikuwa imekwisha kumwangukia mama mkwe.

"Njoo uonje mwenyewe," baba mkwe alimwambia mkewe, akamnyooshea mrija wake.

Alipiga magoti, akavuta. Kisha akainua macho, akayaleta moja kwa moja kwenye ukuta wa matete niliposimama. Alijua. Nilingoja aseme. Angesema "sabuni," wangeuliza nani ameosha, na mkwe aliyeshika kitu kinachoingia kinywani mwa baba mkwe angerudishwa Iringa kabla mumewe hajapata habari. Nami sikuweza kutoka na kusema mwenyewe. Baba mkwe alikuwa amekaa pale.

Akavuta mara ya pili, akameza. "Ni kweli," akasema. "Kimea changu kilishika kuvu. Nimezeeka, baba zangu. Mnisamehe."

Baba mkwe akakimwaga chungu chote uani mbele yake. Kuku wakaja wakaanza kuparura machicha. Zamu yake wakampa jirani.

Jioni aliingia jikoni, akanikuta nalia. "Mwanangu," alisema, "mirija haitaki sabuni. Ni maji ya moto tu." Akachukua karai, akaenda kuliosha. Hakulitaja tena jambo lile maisha yake yote, na hakupikia watu tena. Mwanamke akiharibu pombe mtaani, walisema amepika ya mama yule, na wakacheka mbele yake, naye akacheka nao.

Alifariki miaka mingi baadaye. Baba mkwe alikuwa amemtangulia, na mwiko ulionifunga mdomo ulikuwa umezikwa naye. Msibani wazee walikizunguka chungu cha mwanamke mwingine. Yule askari, sasa hana meno, alivuta, akafumba macho, akatoa hukumu yake.

"Marehemu alikuwa mtu mwema sana," alisema. "Pombe tu ndiyo ilimshinda."

Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo, birika mkononi. Nilijichukia kuliko nilivyowahi kuichukia ile mirija yao. Nikawaongezea maji ya moto chunguni.