Malata ya Baba na Masomo ya Odile

Sisi tuliokulia Shituru, kule Likasi, wakati Kampuni ya shaba bado inalipa tunajua jambo ambalo vijana wa leo wakilisikia hucheka: mzazi mwenye akili hakuweka pesa. Pesa ya siku zile ilioza upesi kuliko samaki wa mto Lufira. Noti iliyotosha gunia la unga kabla ya mvua, mvua zikiisha ilitosha bakuli. Kwa hiyo mama huyu aliweka vitenge sandukuni, yule aliweka masufuria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kupikia, na mwanamume mmoja wa mtaa wetu aliweka akiba yake yote tumboni, kwa njia ya bia, akisema humo mwizi haingii.

Baba yangu aliweka malata, yaani mabati ya kuezekea. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya Kampuni, na mfanyakazi akistaafu alirudisha ufunguo na kutoka na watoto wake. Baba, aliyefanya kazi kwenye tanuru, aliiogopa siku hiyo kuliko moto. Kila alipolipwa alinunua bati moja, akalibeba kichwani kutoka mjini, mtaa mzima ukitazama, na sisi watoto tukitembea nyuma yake ndani ya kivuli cha bati. Alikuwa na msemo wake: "Mutoto haachiwe franga. Anaachiwa fasi ya kulala."

Nje malata hayakuweza kukaa, kwa sababu moshi wa usine, yaani kiwanda, ulikuwa na asidi na uliyala. Akayapanga chini ya godoro letu. Tulilala watatu, dada yetu mkubwa Odile, mimi na mdogo wangu Fele, juu ya paa la nyumba isiyo na kuta. Mmoja akigeuka, paa lilinguruma. Na ole wake aliyekojoa kitandani. Wazazi wengine walichapa. Baba alitoa hotuba.

"Weye! Uko unakojolea maisha yako ya kesho!"

Kisha alifuta bati la juu kwa kitambaa, polepole, kama padri anayefuta kikombe. Kila bati alikuwa ameliandika namba kwenye pembe, kwa msumari. Alipenda mambo yaliyopangwa, na nadhani ugonjwa huo ameniachia.

Malata yalipofika ishirini na sita, Odile alikubaliwa katika shule ya wauguzi ya Lubumbashi, ya kulala hukohuko. Walitaka karo, godoro, ndoo na blauzi mbili nyeupe. Mama alitazama kitanda chetu. Baba aliona anakotazama.

"Hapana, Mama Odile. Utakula nyumba mbele ya kuijenga?"

"Na mutoto?"

"Angoje mwaka moja."

Kwa msichana wa mtaa wetu, kungoja mwaka mmoja kulikuwa na jina lake: kuolewa. Tayari fundi mmoja wa baiskeli alikuwa anapita mlangoni petu mara tatu kwa siku, na baiskeli yake ilikuwa nzima.

Mama hakubishana. Aliwaza juu ya vifo.

Kwetu mtu akifa, watu hukaa kilio uani kwake kwa siku kadhaa, na mvua za Likasi haziheshimu msiba. Waombolezaji walikuwa wanalowa. Mama akaanza kuwakodishia wafiwa malata. Baba akiwa kazini, yalitoka nyumbani juu ya mkokoteni, yamefunikwa majani ya viazi vitamu. Masharti yake yalikuwa mawili: malata yafungwe kwa waya, si kwa msumari, na mume wake asijue. Chini ya godoro alituwekea mbao na magunia ya mahindi, na juu yake akaacha malata matatu, kwani Baba alikagua la juu tu. Odile akapanda treni na ndoo yake mpya. Baba aliambiwa kwamba mjomba wa Kolwezi amesaidia. Mjomba huyo hakuwahi kununulia mtu hata njugu, lakini Baba hakuuliza. Labda hakutaka kujua.

Miaka miwili tulisomesha muuguzi kwa marehemu wa watu. Najua haipendezi kusema. Sala zetu za jioni kwa ajili ya wagonjwa zilikuwa ndefu kuliko za masista, na Fele, mtoto asiye na adabu, alimaliza kwa kuuliza habari za ugali wa jirani: "Na yule muzee wa nyumba ya pembeni, bado anakula bukari?" Mama alimchapa kofi. Kisha alimjibu.

Mwaka wa mwisho wa Odile akafa mwenzake Baba wa tanurini. Baba alivaa koti lake, akaenda kukaa kilio. Mvua ikanyesha. Akainua macho kuona kama panavuja, na juu ya kichwa chake, kwenye pembe, akasoma kumi na saba. Akatazama kando: kumi na nane. Kwenye kilio mwanamume hawezi kusimama na kudai paa. Alikaa hapo kwa muda wa saa nne, analia, na watu wakasifu jinsi alivyompenda rafiki yake.

Alirudi nyumbani, akavua viatu. Sisi tukajifanya tunasoma.

"Mama Odile. Minye niliikala chini ya kumi na saba."

"Ilivuja?"

"Haikuvuja."

"Basi."

"Odile analipa masomo na nini?"

"Na kumi na saba. Na bandugu zake."

Tulingoja atamke kwamba malata yanarudi kitandani na Odile anarudi jikoni; naye alikuwa amebakiza miezi minne tu amalize. Siku ya tatu, malata yaliporudi kutoka kilioni, Baba aliyakagua yote, moja baada ya jingine, akatoka na moja lenye tundu la msumari.

"Nani alitoboa hii? Kuanzia leo minye mwenyewe nitafunga."

Akafunga kweli, kwa koleo lake la kazini. Tena akaanza kuwatembelea wagonjwa, kuwapa pole. Inasemekana wengi walipona walipomwona tu mlangoni.

Odile alimaliza, akaajiriwa, akawa anawaponya wateja wetu kwa mshahara. Zamu yangu ilipofika, turubai za plastiki zilikuwa zimejaa mjini na malata hayakukodiwa tena. Nilisoma vitabu alivyoviacha dada. Najua magonjwa mengi ambayo sina ruhusa ya kuyatibu.

Leo mwanangu anasoma Lubumbashi, mji uleule. Karo yake naituma kwa simu, muda wa kupiga chafya, nikiwa nimekaa. Akiba yangu haipati kutu, haihitaji kitambaa, wala haimwamshi mtu ikiguswa. Kijana hunijibu kwa herufi tatu, "mrc", nami nimejifunza kwamba maana yake ni merci, yaani asante. Simlaumu. Karo inafika, naye anasoma vizuri kuliko tulivyosoma sisi. Ila amefika mwaka wa tatu, na hajaniona hata siku moja nimebeba kitu kichwani kwa ajili yake.