Makaa Yasiyotoa Moshi

Kuna Jumapili moja hainitoki kichwani, mwanangu Neema, na ndiyo iliyonifanya asubuhi hii nilibebe jiko lako la mkaa mpaka uani kabla hata sijaitikia shikamoo yako. Najua umenuna. Mama mkwe wako naye kaniona nimerukwa na akili: mzazi wa siku tisa, baridi ya Julai, halafu mzee mzima anamfungulia dirisha. Kaa nikueleze jambo ambalo baba yako hajawahi kukuhadithia.

Mimi na baba yako tulikuwa vijana, hatujaoa, kiwanda kikatutuma China kujifunza mashine za kufuma. Mwanangu, sikuwa nimewahi kuona makaa ya mawe. Kule niliyaona mpaka nikaogopa. Treni ilipita imejaa makaa, nikahesabu mabehewa nikachoka, na kabla sijakaa ikaja nyingine. Uani pa bweni letu palikuwa na rundo lililofika madirisha ya ghorofa ya pili. Shati jeupe ukilianika unalianua la kijivu, na ukipenga kamasi inatoka nyeusi. Nilijiuliza nchi gani hii inayochoma mlima mzima kila wiki, na watu wanakwenda sokoni kama kawaida.

Chumbani tulikuwa na jiko la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Jumapili hiyo theluji ilianguka, baba yako Elifuraha akashikwa na homa, anatetemeka. Mimi nikajiona mjanja. Nikasema bomba hili linapoteza joto bure. Nikatia makaa kwenye karai, nikayasubiri nje mpaka yakawa mekundu, bila moshi hata kidogo, kama mama yangu alivyofanya kijijini kwetu Akheri. Nikaliweka karai karibu na kitanda, nikaziba nyufa za dirisha kwa magazeti, nikafunga mlango, nikaenda kumletea uji.

Niliporudi, dirisha limevunjwa. Baba yako amelazwa kwenye theluji, mdomo wazi, na mzee aliyekuwa akichochea tanuri la bweni anampiga mashavu. Nilidhani wamepigana. Kumbe mzee alipita akaona magazeti kwenye kioo, akaelewa. Nilimwita baba yako mara nyingi sana, mwanangu, na hakuitika. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, sijui kwa nini sikuliweka chini. Kisha akatapika, nikalia mbele za watu.

Nikamwambia yule mzee kwa Kichina changu kibovu, "Hayakuwa na moshi. Nilisubiri moshi uishe."

Akanijibu polepole ili nielewe. "Kabla ya kazi hii nilichimba makaa miaka mingi. Binti yangu alilala hivyo hivyo, hakuamka. Na mimi niliyajua makaa kuliko wewe."

Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Tangu siku hiyo kila jioni alipita chumbani kwetu, akasukuma dirisha jipya likae wazi upana wa kiganja, akaenda zake. Alifanya hivyo mpaka tuliporudi nyumbani.

Sasa simlaumu mama mkwe wako. Alilelewa hivyo, mzazi apate joto na mtori wa ndizi, jiko lisitoke chumbani. Lakini nyumba ya bibi yake ilikuwa ya nyasi na udongo, upepo unaingia unavyotaka. Wewe unakaa kwenye chumba cha tofali, dirisha la kioo, na nimekuta kitenge kimesokomezwa chini ya mlango. Umemlaza mtoto kwenye hatari ileile niliyomwachia baba yako; angekufa siku ile, wewe usingezaliwa.

Basi nikuambie wazi: mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu, haionekani wala hainuki. Jiko la mkaa liwake nje, libaki nje, hata likiwa jekundu na safi namna gani. Ukiona baridi, ongeza blanketi, mkumbatie mtoto kifuani. Ukiumwa kichwa chumbani, toka kwanza, uulize baadaye. Na jirani akikuambia mkaa ulioiva hauna neno, mlete kwangu.

Mungu awape joto lisilodhuru, mwanangu. Amkuze huyu mtoto mpaka anung'unike mwenyewe kuhusu baridi ya Meru, akiwa na mvi. Nami nitapita jioni, na kesho, na keshokutwa. Usishangae nikiingia bila kubisha, nikaenda moja kwa moja dirishani.