Uduvi wa Kisima cha Maweni

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku zangu zote za ujana: siku niliyochutama ukingoni mwa Kisima cha Maweni, hapa hapa Siyu, kalamu ya risasi mkononi, nikaandika uongo kwenye kikaratasi kidogo kama kucha ya kidole gumba. Ulikuwa uongo wa maneno mawili tu. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na ule mwiba wangu nusura ufukie kisima kizima na viumbe waliokuwemo.

Wengi wenu mmenijua nikiwa Mwalimu Rukia, mwenye chaki na miwani. Hamkunijua nilipokuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka kupata stashahada yangu ya sayansi, nikitembea vichochoro vya mji huu kama niliyeumba mvua. Nilikuwa binti wa kwanza wa Siyu kuajiriwa kazi ya namna ile, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Mwajiri wangu alikuwa Dakta Nafula, mwanamke wa bara, kwao Bungoma, mtaratibu, asiyependa maneno mengi. Alikuja kisiwani kwetu Pate kuchunguza uduvi wa visimani. Uduvi hao wewe umewaona: weupe, urefu wa punje ya mchele, hata utumbo wao unauona kwa nje. Ndio wanaotufanya tuchuje maji kwa kitambaa kabla ya kuyamimina mtungini. Ni jamaa wa kamba na kaa, ila wao hawaijui chumvi. Huishi katika maji matamu yaliyomo ndani ya mwamba. Dakta alitaka kujua: je, uduvi wa kisima hiki na wa kile ni spishi moja, au ni mbili zilizofanana sura?

Jibu lilikuwa katika vinasaba vyao. Usiogope neno hilo. Sisi wa visiwa hivi ni watu wa nasaba. Ukitaja jina lako, utaulizwa wa nani, na huyo naye wa nani, mpaka mababu wakuishie. Vinasaba ni nasaba iliyoandikwa ndani ya mwili. Mdudu hawezi kuisema, lakini maabara ya Nairobi huweza kuisoma.

Na jambo hili halikuwa la wasomi peke yao. Kisima cha Maweni kilikuwa kinabomoka mdomo, na kamati ya maji ilitaka kukifukia kwa mawe, ijenge tangi pale pale juu yake. Mwenyekiti, Bwana Athmani, hakuwa mtu mbaya. Alihofia watoto wasije wakatumbukia. Alimwambia Dakta mbele yangu, "Uduvi wa Maweni wakiwa ndio hao hao wa Kisima cha Bondeni, tutafukia. Wakiwa ni wengine, tutakaa kitako tuzungumze."

Alikuwepo pia Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa jirani ya mama yangu, mjane, mwenye mikono iliyokakamaa kwa kamba ya ndoo. Alikuwa ameteka maji ya visima vile viwili tangu kigori. Siku ya kwanza aliponiona na wavu wangu, alinishika mkono akaniambia kwa Kisiu chetu, chenye kuita macho mato na moja moya, "Rukia, hawa si wamoya. Watizame kwa mato yako. Wa Bondeni mayai yao tumboni ni mengi, madogo kama vumbi. Wa Maweni mayai ni machache, manene, unaweza kuyahesabu. Na nilipata kuwatia pamoya kwenye mtungi mmoya mwaka mzima. Kila mmoya alizaa na wake."

Nilimjibu kwa adabu ya mdomoni, "Haya, Bi, nimesikia." Moyoni nilicheka. Nilijiambia huyu hajui hata kusoma jina lake, atanifundisha spishi? Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake. Mimi nilidhani zilizosukwa chuoni ndizo nywele peke yake.

Sasa tuifikie hiyo siku yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuvua uduvi thelathini kila kisima, nimtie kila mmoja kichupa chake chenye spiriti, na ndani yake kikaratasi chenye jina la kisima. Bondeni nilimaliza mapema, na wengine tele wakabaki kwenye ndoo. Maweni nilishinda tangu asubuhi nikapata sita. Sita tu. Na boti lililokuwa lichukue sanduku kwenda Lamu lilikuwa linasubiri mkondoni. Na wewe wajua maji yakipwa mkondo wetu huwa tope tupu, boti haliondoki mpaka yajae tena. Nahodha alikwisha niita mara mbili.

Nikaitazama ndoo ya Bondeni. Nikasema, si wale wale tu. Nikachota ishirini na nne, nikawatia kwenye vichupa vilivyobaki, na katika kila kimoja nikaandika: Kisima Maweni. Nikafunga sanduku, nikalipeleka mwenyewe mkondoni, nikarudi nyumbani nikala wali wangu kwa raha.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Dakta Nafula alikuwa amepanga nyumba Faza, mji wa jirani, akaniita kwake, akatandaza karatasi mezani. Akasema, "Bondeni wote ni aina moja. Lakini tazama Maweni: ishirini na nne ni wale wale wa Bondeni, na sita ni tofauti kabisa, mbali sana. Maana yake visima hivi vimeungana chini ya mwamba, na uduvi wanapita. Hao sita wako Bondeni pia, sisi tu hatukuwapata. Nitawaambia kamati wanaweza kuendelea. Nilitarajia kitu kingine, lakini vinasaba havina upendeleo."

Ishirini na nne na sita. Hakuna mtu duniani aliyeijua hesabu ile isipokuwa mimi na Mola wangu. Hakuna uduvi yeyote aliyepita chini ya mwamba. Waliopita walipita mkononi mwangu. Na wale sita walikuwa watu wa Maweni peke yao, kama alivyosema Bi Mwanakombo, na sasa wanafukiwa kwa karatasi niliyoiandika mimi.

Nikanyamaza. Nakwambia ukweli, mwanangu, maana nasaha yenye kuficha aibu ya mwenyewe haina chumvi. Nilinyamaza siku tatu. Kamati ikapanga kufukia Jumamosi, na rundo la mawe likaanza kumiminwa kando ya kisima kwa punda. Nikajiambia kazi itanitoka, jina la baba yangu litachafuka, Dakta hatamchukua tena msichana wa kwetu. Na hili la mwisho lilikuwa kweli kiasi, ndiyo maana lilinidanganya vizuri.

Siku ya tatu, Alhamisi, nikamkuta Bi Mwanakombo pale Maweni, anateka maji kwa mara za mwisho mwisho. Alikuwa akichuja ndoo yake. Akaniuliza bila kuinua uso, "Nimeambiwa vitabu vyasema hawa na wale ni wamoya?"

Nikasema, "Ndivyo karatasi ilivyosema, Bi."

Akakikung'uta kitambaa chake kisimani, taratibu, ili uduvi warudi majini. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nakaa wima. "Basi mimi nimekosea. Sikusoma, na mato yangu ni ya kizee. Lakini sijapata kusema nimeona nisichoona. Karatasi huandikwa na mtu, Rukia. Aliyeiandika hii aliona?"

Hakuwa anajua lolote. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza mwelekeo wa ndia. Nikakaa chini kwenye mawe yale yaliyoletwa na punda, nikalia, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anilaani, au anikumbatie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akasema, "Mficha uchi hazai. Faza si mbali. Nenda sasa hivi, kabla machozi hayajakauka, maana yakikauka utapata sababu nyingine."

Nikachukua pikipiki mpaka Faza. Nilimkuta Dakta Nafula anafua. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitapunguza maneno. Ishirini na nne nilitoa Bondeni. Boti lilikuwa linaondoka. Nilidhani ni wale wale. Aliziacha nguo kwenye beseni, povu likimkaukia mikononi.

"Unajua ungenifanya niandike nini kwa jina langu?" akaniuliza.

"Najua, Dakta."

"Na unajua kama usingeniambia, nisingegundua kamwe?"

"Hilo ndilo lililoniweka siku tatu."

Akajifuta mikono. "Sikusamehe leo. Nimekasirika sana. Lakini kesho tunaenda kwa mwenyekiti, na utasema mwenyewe. Halafu tunavua upya, na safari hii nitakuwa ubavuni kwako."

Mwanangu, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ijumaa baada ya sala nilisimama mbele ya kamati, wanaume kumi na baba yangu akiwa mmoja wao, nikarudia yale yale. Baba aliinamisha kichwa. Bwana Athmani alikuna ndevu zake akasema mawe yamekwisha letwa, watu wamekwisha itwa. Ndipo Bi Mwanakombo, ambaye hakualikwa, akasema kutoka mlangoni, "Mawe hayaozi, Bwana Athmani. Wape siku zao." Mwenyekiti akatupatia wiki moja ya kuvua, na mawe yangoje majibu.

Na ile wiki ilikuwa shule yangu ya kweli. Wavu wetu wa kitaalamu haukupata kitu siku mbili. Siku ya tatu Dakta akamgeukia Bi Mwanakombo akamwuliza kwa heshima, "Bi, wewe ungewavuaje?" Bi akaenda kwake akarudi na machicha ya nazi, akayafunga kwenye kitambaa, akakishusha kwenye upande wa ukuta wenye nyufa. Akatuambia tungoje mpaka adhuhuri, kwani jua likiingia kisimani uduvi hukimbilia kwenye nyufa zile. Alipokivuta, walikuwa saba. Dakta akampa kioo chake cha kukuzia. Bi akawatazama, akanisogezea. Nikayaona mayai kwa macho yangu: manene, manne kwa huyu, matano kwa yule. Yalikuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sipo.

Tulipata thelathini kamili siku ya sita. Kila kikaratasi niliandika mimi, na kila kimoja Dakta alikisoma kabla ya kukitia. Sikuona vibaya.

Majibu yaliporudi kutoka Nairobi, Dakta alikuja Siyu mwenyewe kuyasoma mbele ya watu. Thelathini wa Maweni wote walikuwa spishi yao, hakuna hata mmoja wa Bondeni ndani yao, wala hakukuwa na chotara. Walikaa hatua mia mbili tu kutoka kwa wenzao, lakini nasaba zao zilikwisha tengana zamani sana, kabla ya mtu wa kwanza kuchimba kisima hapa. Akaeleza na jambo lililotuhuzunisha: vinasaba vya wa Maweni vilikuwa na tofauti chache mno, kama ukoo uliobaki na nyumba moja. Wa Bondeni ni wengi na mchanganyiko; maradhi yakiwaingia, watakufa baadhi na kubaki baadhi. Wa Maweni wakiguswa na moja, wamekwisha wote.

Bwana Athmani aliinuka. Kisha akasema, "Siyu ni ndogo, na sisi tunajua kudharauliwa kwa udogo. Hatutafukia." Mdomo wa kisima ukajengwa upya kwa mawe yale yale, ukawekewa kifuniko cha mbao, na tangi likajengwa upande wa pili. Watoto wakawa salama, na uduvi wakabaki kwao.

Dakta Nafula aliandika taarifa yake. Nilimwomba aliandike na kosa langu, akaliandika, mistari mitatu, bila kulipamba wala kulikaza. Na katika orodha ya waliogundua, jina la kwanza baada ya lake aliliweka la Bi Mwanakombo. Nilimsomea Bi jina lake kwenye ile karatasi, nikamwekea kidole chake juu ya herufi. Akasema, "Kumbe ndilo hili. Nilidhani litakuwa refu zaidi." Baba yangu, aliyekuwa hajaniambia neno tangu siku ya kamati, alimwambia kila aliyemkuta barazani kwamba bintiye ndiye aliyesimama akasema kweli. Nikajua kwamba ile fahari niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya kuazima. Hii ilikuwa yangu.

Dakta alinisamehe, lakini si kwa maneno. Mwaka uliofuata alinipigia simu akaniuliza kama niko tayari kuvua visima vya Faza.

Basi, mwanangu, nikupe nililonalo. Usiseme "wale wale" kabla ya kutazama; wanyonge wengi duniani hupotea kwa neno hilo. Usiandike usichokiona, hata kama boti linaondoka, hata kama hakuna atakayejua. Ukikosea, sema mapema, kwani kosa huanza kuwa mtego siku unapolilinda. Mtu asiyejua kusoma usimwite asiyejua; kuuliza si ujinga, na kumwuliza mzee wa kwenu ni elimu usiyoipata popote pengine. Na uone fahari. Tena uone sana. Nti yetu hii ndogo, nchi ya mwamba na mchanga, ina viumbe ambao Mungu hakuwaweka mahali pengine popote, na waliowatambua kwanza ni watu wetu, kwa macho yao na vitambaa vyao.

Mungu akufungue macho uone kilichopo, akupe ulimi mzito kwa uongo na mwepesi kwa kukiri. Akupe wazee wa kukukemea ungali mbichi, na umri mrefu wa kuwashukuru. Nenda na radhi zangu zote, mwanangu, mbele na nyuma yako, Amin.