Mbuzi ya Amande, Siku ya Tano ya Kwarezima

Ile wakati ya vita, serikali yetu ilikuwa kule Beni; ya Kinshasa tulikuwa tunaisikia tu ku radio. Lakini asiransi, ile bima ya magari, haikufa na vita. Pale Butembo, mwenye biro ya asiransi aliangalia kamionete ya mama yangu, gari ndogo ya mizigo, akaona batu bamekaa juu ya mifuko ya viazi, akasema hii ni bisi ya kubeba batu, alipe bei ya bisi, yenye iko juu zaidi. Bisi gani, gari yenye mulango yake ilikuwa inafungwa na kamba! Na bila karatasi ya asiransi, basoda ba ku bariere hawakuacha gari ipite. Viazi vyetu vilikuwa vinaoza kule Masereka, na tulikuwa tunangojea ile viazi juu ya kula na juu ya kulipa masomo.

Mama alienda Beni kushitaki. Shefu mwenye kuangalia mambo ya asiransi akakuya Butembo siku ya tano, ndiyo Ijumaa, asubui, akakuta bakiliya wengine pia banalia vilevile. Alikata maneno: mwenye biro arudishie batu franga yenye alibazidishia, na atoe mbuzi ya amande, ya kulipa kosa. Biro ikapigwa kufuli.

Sasa kwetu, mbuzi ya amande inakuliwa pamoja, mwenye kukosa na benye alikosea. Mwenye hakukula, hakusamehe, na maneno haijaisha. Shefu alikuwa mutoto wa kwetu, aliijua hiyo. Alisema akiona bote bamekula njo atafungua kufuli, batu bapate karatasi, naye arudie Beni mbele giza iingie.

Mbuzi ikaiva. Bote bakakata bugali. Mama tu alikunja mikono. Alikuwa mukatoliki wa kweli, si wa siku ya Mungu tu.

"Mama, onja hata kidogo," mwenye biro alimubembeleza. Yeye alikuwa muprotesta, mafuta ilikuwa inamujaa ku midomo.

"Kula wewe. Siku ya tano ya Kwarezima mimi hapana kula nyama."

Shefu aliangalia saa. Mimi nilitaka kulia. Nikamunongoneza: "Mama, na viazi?"

Mama akamugeukia mwenye biro: "Sema kwanza mbele ya shefu: ni kamionete."

"Ni kamionete, mama. Ni kamionete kabisa."

Mama akafanya alama ya musalaba, akakamata paja ya mbuzi.

Kesho yake viazi vikafika ku soko, na mama akaenda kuungama. Yeye mwenyewe njo alituelezea, na kasirani. Padri alimupa rozari moja ya kusali juu ya ile nyama, kisha akamuuliza kama ilikuwa tamu. Kudanganya mule ndani hakuweza. Alijibu ndiyo, na padri akaongeza ingine.